Nani Atalipia Kitabu Kilichopotea?

Mwanafunzi wa Turbo anayehitaji kitabu kilichoko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, hana budi kupanda matatu mbili. Ya kwanza humfikisha Eldoret. Ya pili humtoa mjini na kumpeleka upande wa pili wa Kaunti ya Uasin Gishu. Eldoret kwenyewe kuna maktaba ya umma, na nje kidogo ya mji, Chepkoilel, kuna maktaba ya Chuo Kikuu cha Eldoret. Kwa nini basi kitabu kisimfuate msomaji, badala ya msomaji kukifuata kitabu?

Si kwamba wakutubi wa Kenya hawajui kushirikiana. Mwaka 2003 waliunda KLISC, muungano wa maktaba unaonunua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya kielektroniki. Shirika la INASP la Uingereza liliusaidia mwanzoni. Baadaye michango ya wanachama ikawa ndiyo nguzo yake. Muungano huo umedumu kwa sababu isiyo na mvuto wowote: kila mwaka bili huja, na kila maktaba hujua fungu lake. Asiyelipa hufungiwa mlango.

Kitabu cha karatasi hakina bili ya namna hiyo. Kikiazimwa na maktaba nyingine, kuna nauli, kuna kuchakaa, na kuna siku hakirudi kabisa. Hapo mkutubi aliyekitoa ndiye atakayeulizwa na wakaguzi wa hesabu, si yule aliyekipokea. Anayemlaumu kwa uchoyo hajawahi kutia saini daftari la mali ya umma.

Wala majarida ya kielektroniki hayajamfikia mkazi wa Turbo. Leseni hutolewa kwa taasisi, na mitambo ya mchapishaji hutambua anwani za mtandao wa chuo. Akiwa nyumbani na simu yake, hukutana na kisanduku kinachomdai nywila ambayo hakupewa. Hata hivyo, leseni nyingi huruhusu mgeni aliyefika mwenyewe maktabani kusoma akiwa humo humo. Kifungu hicho hakina maana iwapo askari wa getini hakijui.

Kusafirisha vitabu si jambo geni huku kwetu. East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu mikoani. Kufuatia ripoti ya Sidney Hockey ya mwaka 1960 kuhusu maktaba za Afrika Mashariki, kila nchi iliunda bodi yake ya maktaba: Tanganyika 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Katiba ya 2010 nayo ikaziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku vyuo vikuu vya umma vikibaki chini ya serikali kuu. Kwa hiyo mradi wowote wa maktaba za Uasin Gishu kuazimana vitabu utakuwa na mabwana wawili, na hati ya makubaliano isiyosema nani analipa nini itaishia kabatini.

Wakutubi wa kaunti na wa vyuo waanze na katalogi ya pamoja. Koha, programu ya kuendeshea maktaba, haina ada ya leseni. Kisha watenge mfuko mdogo wa kufidia vitabu vinavyopotea, na wamtaje kwa cheo afisa atakayeusimamia. Sanduku la kwanza linaweza kusafiri kwa matatu kama kifurushi kingine chochote kiendacho Turbo, mradi nauli yake iwe imeandikwa kwenye bajeti ya mtu.