Kirungu cha Njano

Babu aliniambia nisikiamini kirungu cha njano. Nilikuwa nimekwenda Makambako kumhoji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu usafiri wa Nyanda za Juu Kusini kabla ya lami ya Makambako–Songea, iliyojengwa miaka ya 1980. Daftari langu lilijaa tarehe: Land Rover ya kwanza kuonyeshwa Amsterdam, 1948, ujenzi wa TAZARA, 1970 hadi 1975. Babu alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza kama nimewahi kulala chini ya gari.

Yeye alikuwa dereva wa idara moja Njombe. Landrova za wakati ule, tofauti na One Ten iliyokuja 1983, zilivuta kwa nyuma tu. Ukifika penye utelezi unakandamiza kirungu cha njano, na mbele nako kunashika. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikawa hadithi, gari moja likaliwa ili jingine liishi. Kuna aliyefungua propela shafti ya mbele ya gari la Babu akaihamishia kwingine. Kirungu kikabaki. Kwenye orodha ya idara, gari likaendelea kuandikwa zima. (Sura yangu ya tatu imejengwa juu ya orodha kama hizo.)

Usiku mmoja wa masika Bibi alishikwa na uchungu. Mlimani, kwenye udongo mwekundu, Babu alikandamiza kirungu. Matairi ya nyuma yakachimba tu. Mtoto alizaliwa garini, akafa kabla hakujapambazuka. Angekuwa mjomba wangu. Sikuwahi kusikia akitajwa nyumbani.

Tangu hapo Babu alipima mwenyewe. Alinionyesha kwenye Landrova kuukuu ya jirani: injini imezimwa, gia imeingizwa, hendibreki juu, mawe kwenye matairi, kisha jeki inainua tairi moja la mbele. Kirungu kikiwa juu, tairi linazunguka kwa mkono. Kikiwa chini, linacheza kidogo kisha linagoma. Likizunguka bado, umedanganywa. Au, aliongeza kwa haki, gari lina habu za kufunga kwa mkono na umesahau kuzifunga.

Nikalishika kwa mikono miwili. Likagoma. Babu akasema nijaribu tena.