Japani: Adabu ya kutomsumbua mwenzako, manufaa yake na gharama yake

Mgeni anayepanda treni mjini Tokyo kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ukimya: behewa limejaa hadi mlangoni, lakini hakuna anayezungumza kwa simu. La pili huliona akishuka, anapotafuta pahali pa kutupa chupa yake ya maji. Mapipa ya taka ni haba, na hata hivyo barabara ni safi. Wageni wengi huhitimisha kwamba Wajapani huzaliwa na nidhamu.

Kauli hiyo ni sifa nzuri, lakini haielezi jambo lolote. Nidhamu hiyo hufundishwa, na hushikiliwa na shule, mtaa, sheria na macho ya majirani. Mzizi wake mmoja mkubwa ni funzo ambalo mtoto wa Kijapani huanza kulisikia kabla hajajua kusoma: usiwe adha kwa watu. Makala hii inaeleza funzo hilo, namna linavyoendesha maisha ya kila siku, na mzigo linaowatwika baadhi ya watu, wenyeji kwa wageni.

Neno lenyewe na salamu zake

Kwa Kijapani adha hiyo huitwa "meiwaku", yaani kero au usumbufu ambao mtu humletea mwenzake. Mzazi anapomwonya mtoto mbele za watu, mara nyingi hamwambii tu kwamba tendo lake ni baya; humwambia kwamba anawasumbua wengine. Kwa hiyo mtoto hujifunza kupima jambo kwa kumwangalia aliye karibu naye.

Funzo hilo limo hata katika salamu. Mswahili akifika kwa mtu hupiga hodi, na mwenyeji humwitikia karibu. Mgeni ameomba ruhusa, na mwenyeji ameitoa kwa furaha. Mjapani anapovuka kizingiti, baada ya kuvua viatu, husema "ojama shimasu", maneno ambayo kwa maana ya karibu ni "naja kuwasumbua". Akiondoka huyarudia kwa wakati uliopita: nimewasumbua.

Neno "sumimasen" nalo hufanya kazi nyingi. Hutumiwa kuomba radhi, kumwita mhudumu mkahawani, na pia kushukuru. Mtu aliyeokotewa kalamu yake husema "sumimasen" kwa sababu mwenzake ameinama kwa ajili yake, na kwake huo ni usumbufu unaostahili kuombewa radhi. Mgeni asiyelijua hilo hudhani Wajapani wanajilaumu kutwa nzima.

Yapo pia maneno ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyaelewa upesi. Jioni wafanyakazi wanapoagana ofisini huambiana "otsukaresama". Wafasiri wa lugha za Ulaya huhangaika kutafuta neno la kulingana nalo, lakini Kiswahili kinalo tayari: pole na kazi.

Ufagio na sahani shuleni

Katika shule nyingi za Japani wanafunzi hufagia madarasa, hufuta sakafu na kusafisha ngazi wenyewe. Wasomaji waliosoma Afrika Mashariki hawatalishangaa hilo, kwani wengi wao wamewahi kushika ufagio asubuhi kabla ya kengele. Tofauti iko katika nafasi ya kazi hiyo. Nchini Japani usafi umepangwa ndani ya ratiba ya masomo, walimu hushiriki, na hautazamwi kama adhabu ya mtoto mtundu. Ni sehemu ya shughuli zinazoitwa "tokkatsu", ambazo ni pamoja na vikao vya darasa na zamu za majukumu.

Chakula cha mchana ni somo jingine. Sheria ya chakula cha shuleni ya mwaka 1954 iliweka msingi wa utaratibu huo, na wanafunzi wa zamu, wakiwa wamevaa kofia na aproni nyeupe, huwapakulia wenzao. Kwa kawaida hakuna anayeanza kula kabla wote hawajapata. Mtoto hutambua kwamba uvivu wake utamchelewesha darasa zima.

Misri ilivutiwa na mtindo huo. Baada ya makubaliano ya elimu kati ya nchi hizo mbili mwaka 2016, shule za Misri na Japani zinazofuata shughuli za tokkatsu zilianza kupokea wanafunzi mwaka 2018. Hatua hiyo yatosha kuonyesha kwamba tabia hii hufundishika.

Treni, ngazi na taka

Ndani ya treni kanuni ni nyingi, na kwa kawaida huhimizwa kwa matangazo na mabango bila faini: simu izimwe sauti, begi la mgongoni libebwe mbele, foleni ipangwe kwenye alama za sakafuni. Kampuni nazo hujibana. Mwezi Novemba 2017 waendeshaji wa treni ya Tsukuba Express waliwaomba radhi wasafiri kwa sababu treni moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati wake.

Hata hivyo kanuni hizi hazifanani nchi nzima. Kwenye ngazi za umeme, watu wa Tokyo husimama upande wa kushoto na kuacha kulia kwa wenye haraka. Osaka hufanya kinyume chake. Siku hizi mazoea yote mawili yanapingwa kwa sababu za usalama. Mkoa wa Saitama ulianza mwaka 2021 kutekeleza sheria ndogo inayowataka watu wasimame tu bila kutembea kwenye ngazi hizo, na mji wa Nagoya ukafuata mwaka 2023. Jambo lililohesabiwa kuwa adabu jana linaweza kugeuka kero leo.

Uhaba wa mapipa nao una historia. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa kundi la Aum Shinrikyo walitoa gesi ya sumu aina ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo na kuua watu. Baada ya shambulio hilo mapipa mengi yaliondolewa katika stesheni na maeneo ya umma. Wananchi wakazoea kurudi na taka zao nyumbani.

Nyumbani nako kazi ipo. Kila mji hupanga aina za taka na siku ya kuzitoa: zinazoungua, zisizoungua, chupa, makopo, karatasi. Kijiji cha Kamikatsu katika mkoa wa Tokushima, ambacho mwaka 2003 kilitangaza azma ya kutozalisha taka, kiliwahi kufikia kutenganisha makundi 45. Mfuko uliopangwa vibaya au kutolewa siku isiyo yake mara nyingi huachwa pale pale, ukiwa umebandikwa karatasi ya onyo. Kwa mkazi mgeni, karatasi hiyo huweza kuwa mazungumzo yake ya kwanza na mtaa.

Pochi iliyopotea

Sifa nyingine inayosimuliwa sana ni ya pochi kurudi kwa mwenyewe na fedha zake zote. Mjini Tokyo peke yake, mwaka 2023 polisi walipokea zaidi ya vitu milioni 4 vilivyopotea. Lakini uaminifu huo una mhimili. Vituo vidogo vya polisi viitwavyo "koban" viko karibu na stesheni na makazi ya watu, hivyo mwenye kuokota kitu haendi mbali. Sheria nayo humpa haki ya kudai zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya kitu hicho, na mara nyingi kitu kisipopata mwenyewe ndani ya miezi 3, aliyekiokota anaweza kukichukua. Vitu kama simu na vitambulisho havimo katika ruhusa hiyo, kwa kuwa vimebeba taarifa za mtu.

Wizi haujatoweka. Baiskeli huibwa sana, na mwavuli ulioachwa mlangoni siku ya mvua hauna dhamana. Uaminifu wa Wajapani una mipaka kama wa watu wengine, ila umejengewa njia rahisi ya kupitia.

Yanayosemwa na yasiyosemwa

Asiyetaka kumkera mwenzake huona shida kumkatalia waziwazi. Ndiyo maana Wajapani hutofautisha "honne", yaani yaliyo moyoni, na "tatemae", yale yanayofaa kusemwa mbele za watu. Mtu akiombwa jambo asiloweza huanza kusema "chotto", neno lenye maana ya "kidogo", kisha akanyamaza. Msikilizaji anatarajiwa kumalizia mwenyewe kwamba jibu ni hapana. Uwezo huo wa kuyaelewa yasiyotamkwa huitwa kusoma hewa.

Wageni wengi huuita mwenendo huo unafiki. Mswahili anayejibu "tutaona" au "Mungu akipenda" kwa mwaliko asiokusudia kuuitikia hana budi kutafakari kabla ya kutoa hukumu hiyo. Tatizo la kweli liko kwingine. Jirani aliyekerwa na kelele au harufu ya chakula mara nyingi habishi hodi. Humpigia simu wakala wa nyumba, na siku chache baadaye tangazo lisilotaja jina hubandikwa ukutani. Mgeni anaweza kuvunja kanuni miezi mingi bila kuambiwa, huku sifa yake mtaani ikiwa imekwisha kuharibika.

Gharama ya kujizuia

Jamii inayolinda utulivu wake kwa macho ya majirani huweza pia kuumiza. Katika vijiji vya kale aliyevunja kanuni alipewa adhabu iitwayo "murahachibu". Kwa maelezo yanayotajwa zaidi, alitengwa katika mambo 8 kati ya 10 ya ushirika. Yaliyosalia yalikuwa kuzima moto na kuzika. Kivuli cha adhabu hiyo kilionekana mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Serikali haikuwa na sheria ya kuwafungia watu majumbani, ila baadhi ya raia walijipa kazi ya kuwasaka walioacha maduka wazi au kusafiri, na kuwabandikia vikaratasi vya matusi.

Kwa wanyonge, mzigo mkubwa zaidi ni kuogopa kuomba msaada. Mtu aliyelelewa asiwe adha kwa wengine huona aibu kuitegemea hata serikali. Mwezi Desemba 2020 Wizara ya Afya, Kazi na Ustawi ililazimika kuwatangazia wananchi kwamba kuomba msaada wa kujikimu ni haki yao.

Takwimu za upweke ni nzito. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu milioni 1.46 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi kwa kujitenga na jamii, hali ijulikanayo kama "hikikomori". Mwaka 2024 polisi walishughulikia vifo vya watu zaidi ya 76,000 waliokuwa wakiishi peke yao na kufia nyumbani, na takriban robo tatu yao walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi. Si wote walioficha shida zao. Wengine hawakuwa na wa kumwita. Lakini wahudumu wa jamii hukutana mara kwa mara na wazee wanaokataa msaada kwa jibu moja, kwamba hawataki kumsumbua mtu. Serikali iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwezi Februari 2021, na sheria ya kukabiliana na upweke na utengano ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024.

Majirani wapya

Suala hili sasa linawagusa wageni wengi kuliko wakati wowote uliopita. Mwishoni mwa mwaka 2024 wakazi wa kigeni nchini Japani walikuwa karibu milioni 3.77, na katika mwaka huo huo nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 36. Mjini Kyoto, wakazi wa mtaa wa Gion walichoshwa na watalii waliowakimbilia wasanii wa kike wa geisha kwa kamera, wakazuia kuingia katika baadhi ya vichochoro vyao binafsi na kuweka onyo la faini ya yeni 10,000.

Upande wa wenyeji nao unajifunza kusema wazi zaidi. Miji mingi huchapisha miongozo ya taka kwa lugha kadhaa. Tetemeko la ardhi la Kobe la Januari 1995, ambapo wageni wengi walikosa taarifa za kuokoa maisha, lilizaa juhudi za kutumia Kijapani chepesi, chenye sentensi fupi na maneno ya kawaida. Leo lugha hiyo hutumiwa katika ofisi za miji na katika matangazo ya maafa.

Ipo pia desturi ya zamani inayoweza kufaa pande zote mbili. Anayehamia nyumba mpya huwapitia majirani akiwa na zawadi ndogo, aghalabu taulo au vitafunio, hujitambulisha, na kuomba radhi mapema kwa usumbufu wowote utakaotokea. Katika majumba ya ghorofa ya miji mikubwa desturi hiyo imefifia, na wengi huishi miaka bila kulijua jina la wa mlango wa pili. Pale inapodumishwa, jirani aliyekwisha kusalimiwa hupata ujasiri wa kuja kueleza kanuni ya taka kwa mdomo wake badala ya kubandika karatasi. Na mzee anayeishi peke yake huwa na mlango mmoja anaoweza kuugonga usiku akizidiwa.