Kadi na Bunduki: Safari ya Kisiasa ya Jakaya Kikwete

Barani Afrika askari wengi wameingia katika siasa kwa mtutu wa bunduki. Wakongo wanalijua jambo hilo tangu tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alipotwaa madaraka. Nchini Tanzania yuko askari aliyepitia mlango mwingine. Luteni Kanali Jakaya Mrisho Kikwete alivua magwanda mwaka 1992 na kubaki bungeni, na mwaka 2005 akawa Rais kwa kura za wananchi. Husemwa kwamba yeye ni mwanajeshi aliyegeuka mwanasiasa. Historia ya nchi yake, hata hivyo, inaonyesha kwamba sifa hizo mbili zilikaa ndani ya mtu mmoja kwa miaka mingi, na kwamba sheria ndiyo iliyokuja kuzitenganisha.

Chanzo chake ni maasi ya tarehe 20 Januari 1964. Siku hiyo askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakidai mishahara mikubwa zaidi na maofisa Waafrika. Julius Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, aibu kubwa kwa taifa lililopata uhuru miaka miwili tu kabla yake. Jeshi hilo lilivunjwa. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na askari wake wakaruhusiwa, hata wakahimizwa, kuingia katika chama cha TANU. Hoja ilikuwa wazi: askari aliye mwanachama hatakiasi chama chake. Ndipo ikapatikana kazi ya kamisaa wa siasa, yaani ofisa anayewafundisha askari itikadi ya chama.

Kikwete, aliyezaliwa Msoga mwaka 1950, ni zao la mpango huo. Alihitimu masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akaajiriwa na TANU huko Singida. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 alipata mafunzo ya uofisa Monduli. Baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana kuwa CCM mwaka 1977, alipelekwa Zanzibar kusaidia kujenga chama kipya. Kati ya mwaka 1984 na 1986 alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa katika chuo cha Monduli. Yafaa kukumbuka kwamba kamisaa hafanyi kazi yake kwa amri peke yake. Hana budi kushawishi, na chombo chake ni lugha, nayo ilikuwa Kiswahili. Ustadi huo wa maneno ndio atakaouhitaji mbunge pia.

Mwaka 1988 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuwa mbunge na naibu waziri. Mwaka 1990 alichaguliwa mbunge wa Bagamoyo, akawa waziri wa maji, nishati na madini. Kwa muda huo wote alikuwa bado ofisa wa jeshi. Mtu mmoja alishika kadi ya chama, kiti cha bunge na cheo cha kijeshi, wala hapakuwa na sheria iliyovunjwa.

Mageuzi ya mwaka 1992 yaliyorudisha vyama vingi ndiyo yaliyoukata uzi huo. Askari alikatazwa kuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Kikwete alichagua siasa. Mwaka 1994 akawa waziri wa fedha. Mwaka uliofuata aliwania kuteuliwa na CCM kugombea urais. Aliongoza katika duru ya kwanza, akashindwa na Benjamin Mkapa katika ya pili. Alikubali matokeo, akatumika chini ya mshindi wake kama waziri wa mambo ya nje kwa miaka kumi. Mwaka 2005 alichaguliwa Rais kwa takriban asilimia 80 ya kura.

Akiwa Rais, alikutana na bunge kwa sura nyingine. Mwezi wa Februari 2008 kamati teule ya bunge ilitoa taarifa kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa, mshirika wake wa karibu, akajiuzulu. Rais alivunja baraza la mawaziri na kuunda jingine, bunge halikuguswa. Mwaka 2013 alipeleka askari wa Tanzania Kivu katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosaidia kulishinda kundi la M23, ambalo lilirudi vitani mwishoni mwa 2021.

Je, sheria ya 1992 ilitenganisha kweli kadi na bunduki? Kwenye maandishi, ndiyo. Katika desturi, la, kwa maana maofisa wa jeshi wameendelea kuteuliwa wakuu wa wilaya na mikoa baada ya mwaka huo. Kwa Kikwete binafsi kutengana huko hakukumgharimu sana, kwa sababu alipovua magwanda tayari alikuwa na kiti, wizara na chama. Kwa ofisa asiye na chama nyuma yake, mlango huo ulikuwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo mfano wa Tanzania haufundishi kwamba kila askari akivua magwanda huwa mbunge mwema. Unafundisha kwamba sheria yaweza kumlazimisha askari achague, na kwamba mengi hutegemea alichojifunza kabla ya siku ya kuchagua.