Miji ya Usambara haikuzaliwa midogo

Mwanzoni mwa mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda milima ya Usambara kwenda kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai katika mji wake wa Vugha. Burton aliandika baadaye kwamba Vugha ilikuwa na nyumba kama 500, na kwamba aliambiwa wakazi wake wafikia 3,000. Hesabu ya mgeni mpita njia haiaminiki sana, lakini hata ukiikata nusu, huo ulikuwa mji wa kutajwa katika bara ya zama hizo. Leo anayeisifu Usambara haitaji Vugha. Anataja Lushoto, Soni, Mlalo, Mtae, Bumbuli, na upande wa mashariki Amani: miji midogo yenye baridi, iliyokaa juu ya migongo ya milima au ndani ya mabonde yenye misitu, ambayo mtu wa Tanga au Dar es Salaam huikimbilia joto likimzidi. Ukiuliza kwa nini haikukua, jibu huwa jepesi: milima hairuhusu. Jibu hilo limezoeleka mno, na historia hailiungi mkono. Udogo wa miji hii ulitengenezwa, tena kwa hatua ambazo nyingi zina tarehe.

Tuanze na milima yenyewe kabla ya Wazungu. Kwa Msambaa wa karne ya kumi na tisa, mahali pa kuishi palikuwa juu. Huko kulikuwa na mvua, migomba na vyanzo vya maji visivyokauka. Chini, kwenye nyika, kulikuwa na ukame, homa na hofu ya wavamizi. Simulizi za Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, humtaja Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, kuwa ndiye aliyeanzisha ufalme, na kizazi chake kikaitawala nchi kutoka Vugha. Utawala huo haukuwa wa mji mmoja. Wana wa mfalme waliwekwa kwenye vilima vingine kutawala kwa niaba yake, na Bumbuli ilikuwa na heshima ya pekee kwa kuwa ndiko alikokaa mrithi kabla ya kuitwa Vugha. Kodi ilipanda kutoka wilayani, kesi kubwa zilipanda, na wajumbe wa pwani walipanda pia, maana mkono wa Kimweri ulifika hadi karibu na Tanga na Pangani, ambako alilazimika kuelewana na Sultani wa Unguja. Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika mara mbili, mwaka 1848 na 1852, alipokewa na dola yenye utaratibu wake. Mteremko ule ule unaolaumiwa leo ulikuwepo siku hizo, na kila kilichofika Vugha kilifika kwa miguu ya watu.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na hapo ndipo miji ya juu ilipoanza kupungukiwa. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini kwenye tambarare, kando ya njia ya misafara iliyofuata bonde la Mto Pangani. Njia hiyo ilimpa bunduki, baruti na washirika, mali ambazo ndugu zake wa milimani hawakuzipata kwa wingi. Alimpindua mfalme kijana aliyerithi kiti, na alipomaliza alifanya jambo ambalo baba yake asingeliwaza: hakuhamia Vugha. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu juu, akabaki mwenyewe Mazinde karibu na soko. Tunayajua mengi ya habari hizi kwa sababu Abdallah bin Hemedi lAjjemy, aliyewahi kuishi kwa Semboja, aliziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kinachostahili wasomaji wengi kuliko kilionao. Kwa hoja yetu, uamuzi wa Semboja una uzito kuliko vita vyenyewe. Mshindi alikuwa na uhuru wa kuchagua, akaona nguvu imeshuka mlimani, naye akakaa ilikokwenda.

Wajerumani waliposhika nchi walimfuata huko huko. Kituo chao cha mwanzo kwa eneo hilo kilikuwa Mazinde. Lakini ofisa wa Kijerumani aliogopa homa kuliko alivyopenda soko, na kabla karne haijaisha makao ya wilaya yakapandishwa Lushoto, mahali penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, pakaitwa Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari. Gavana alipata huko mahali pa kupunga hewa ya baridi, na walowezi wakapewa mashamba. Reli, hata hivyo, haikupanda. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 kwa matumaini ya kahawa ya Usambara, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo miaka mitatu baadaye, kisha ikaendelea kwa kuambaa chini ya milima hadi Moshi mwaka 1911. Ndivyo ofisi ilivyopanda na biashara ikashuka, na vitu hivyo viwili ambavyo vikikaa pamoja hukuza mji vikatenganishwa kwa kilomita thelathini na kitu za kona na magema. Muheza, Korogwe na Mombo zikapata stesheni, maghala na wafanyakazi wa mkonge, zao lililoingia nchini mwaka 1893 kupitia Richard Hindorf. Lushoto ikapata majengo mazuri.

Kilichotoka mlimani kilitengenezewa njia ya kushuka bila kusimama. Huko Shume, penye misitu ya mwangati, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao, na ili kuzifikisha kwenye reli ikatandika waya wa kubebea mizigo kutoka ukingo wa mlima hadi Mkumbara. Mbao zilipita juu ya vichwa vya watu zikatua stesheni. Upande wa mashariki ilijengwa reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi, nayo pia kwa ajili ya mbao. Hakuna ubishi kwamba hizo zilikuwa kazi za ustadi mkubwa. Ila mji hukua pale mzigo unapopumzika, ukapimwa, ukauzwa, ukalipiwa ushuru, na mchukuzi akatafuta chakula na malazi. Huku juu mzigo haukupumzika.

Miji mingine ilizaliwa kwa makusudi ya kukaa mbali na pilikapilika. Wamishonari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, mahali palipokuwa tayari na mtawala wa Kikilindi na watu wengi. Walikuta mji, hawakuuanzisha, ingawa maelezo ya watalii hupenda kusema kinyume. Lutindi ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Bumbuli, kiti cha zamani cha mrithi wa ufalme, ikaja kujulikana kwa hospitali ya misheni. Amani ilianzishwa mwaka 1902 kuwa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, ikiwa na bustani iliyopandwa miti kutoka pembe zote za dunia ya joto. Waingereza waliirithi, wakahamishia utafiti wa kilimo Muguga, Kenya, baada ya Vita Kuu ya Pili, na Amani ikageukia malaria. Fikiria maana yake: makazi yaliyojaa wasomi, maabara na nyumba za watumishi yaliweza kubadilishiwa kazi, hata kupunguziwa watu, kwa barua kutoka ofisi ya mbali. Sehemu inayoishi kwa bajeti ya wengine haina mizizi ya soko la kuishikilia.

Mtetezi wa hoja ya milima atasema: tazama barabara ya Mombo kwenda Soni, ilivyobana kati ya mwamba na korongo, nani angejenga jiji hapo? Swali ni la haki, lakini linachanganya uhaba wa nafasi na uhaba wa watu. Usambara Magharibi ni miongoni mwa sehemu za vijijini zilizosongamana zaidi Tanzania. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Lushoto, Bumbuli ikiwamo, karibu nusu milioni ya watu. Watu hao wamelima hadi kwenye miinuko ambayo mgeni hushangaa jembe limefikaje. Milima iliyoweza kubeba nusu milioni ya wakulima haikushindwa kubeba mji wa watu laki moja. Kilichokosekana ni sababu ya watu hao kukusanyika mahali pamoja, na sababu hiyo iliondolewa hatua kwa hatua: kwanza kiti cha mfalme kikapoteza nguvu, kisha njia ya biashara ikapita chini, halafu ardhi nzuri ikagawiwa walowezi na misitu.

Hapo kwenye misitu ndipo penye pingamizi zito zaidi. Wapo wanaosema udogo wa miji hii ni neema, kwa kuwa ndio ulioiokoa misitu ya Tao la Mashariki pamoja na viumbe visivyopatikana kwingine, likiwamo ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka mbegu zake kwao na likaelezwa kitaalamu mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, ambalo leo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya nzima. Ningekubali, kama misitu ingekuwa imeangamizwa na miji. Sivyo ilivyokuwa. Amri ya ardhi ya mwaka 1895 ilitangaza ardhi iliyoonekana haina mwenyewe kuwa mali ya serikali, na mwenyewe alitakiwa kujithibitisha mbele ya mtu asiyejua mila za mashamba ya kupumzishwa. Juu ya ardhi ya namna hiyo makampuni ya kahawa yalifyeka msitu wa Usambara Mashariki, Derema na kwingineko, yakidhani miti mikubwa ni dalili ya udongo wenye rutuba. Udongo ule ni mchovu, rutuba yake imo ndani ya miti yenyewe, na kahawa ikashindwa. Baadaye chai ndiyo iliyofaa, na ikachukua nafasi yake Bulwa na Kwamkoro. Hata baada ya uhuru ukataji wa magogo kwa mitambo uliendelea Usambara Mashariki hadi ulipositishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Katika orodha hiyo ya waharibifu hakuna mji hata mmoja.

Msitu uliobaki ulibaki kwa sababu uliwekewa mipaka, na mipaka hiyo ilimlenga mkulima mdogo kuliko mtu mwingine yeyote. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,000 na ushei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa Derema walitakiwa kuacha mashamba yao ili msitu uungane, kwa fidia iliyochukua miaka na kuzua manung'uniko. Derema ile ile ambako kampuni ya kahawa iliruhusiwa kufyeka! Sisemi hifadhi ni kosa. Maji ya Tanga yanategemea Mto Sigi, na Sigi inategemea msitu huo. Ninachokataa ni kuuhesabu umaskini wa miji kuwa gharama ya lazima ya uhifadhi. Mtu anayepata riziki mjini, kwenye karakana, duka au kiwanda, hahitaji kipande cha msitu kulima iliki. Milimani ni kinyume: kwa kukosa mji, kila mtoto anayezaliwa anahesabiwa juu ya shamba. Waingereza waliliona tatizo hilo katika miaka ya 1950, wakalijibu kwa kuwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta mashambani. Watu wakagoma, chama cha TANU kikapata wafuasi, na kabla ya mwongo huo kwisha mpango ukaachwa. Jibu la kuwapa watu kazi nyingine nje ya jembe halikujaribiwa kwa nguvu kama hizo.

Serikali huru ilibadili mengi, ila haikubadili desturi ya kuitumia milima kama mahali pa utulivu. Lushoto ina Ikulu ndogo, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilipelekwa huko. Ni taasisi za heshima, na wenyeji hufurahi kuwa nazo, lakini ni ndugu wa damu wa nyumba ya gavana na maabara ya Amani: wanafunzi huja, husoma, huondoka. Wakati huohuo kabichi, karoti, nyanya, peasi na plamu za Usambara hupakiwa kwenye malori na kushushwa Dar es Salaam, zikiwa mbichi kama zilivyochumwa, kwa bei inayopangwa huko zinakokwenda. Kiwanda cha chai cha Mponde, karibu na Bumbuli, ambacho kingekuwa mfano wa kusindika mlimani kilicholimwa mlimani, kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro na kikakaa bila kazi kwa miaka. Tazama ramani ya barabara za leo na utaona alama ya Mkumbara: mazao yamechukua mahali pa magogo, lori limechukua mahali pa waya, na mahali pa kupimia mzigo bado pako chini.