Muhuri Uliohamia Kwenye Kompyuta

Hadi Desemba 1992, lori la mzigo lililotoka Ufaransa kwenda Ujerumani lilikuwa na shughuli ya forodha mpakani, na karatasi zake ziligongwa muhuri. Muuzaji aliutunza muhuri ule kama hati ya shamba. Ulithibitisha kwamba mzigo umetoka nchini, na kwa hiyo hadaiwi kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ambayo Ufaransa iliianzisha mwaka 1954 kwa fikra za Maurice Lauré na ambayo ilikuja kufika Kenya mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1998. Tarehe 1 Januari 1993, nchi 12 za Jumuiya ya Ulaya zikaondoa ukaguzi huo baina yao. Muhuri ukatoweka, kodi ikabaki, na swali lake likabaki palepale: huyu mnunuzi wa ng'ambo amesajiliwa kweli, naye atailipa kodi kwao?

Jibu lilikuwa limeandaliwa katika kanuni namba 218 ya Januari 1992, iliyozitaka nchi wanachama kuweka rejista za kielektroniki za waliosajiliwa na kuwawezesha wafanyabiashara kuhakiki namba za wenzao. Mfumo uliotokana nayo unaitwa VIES. Naushikilia msimamo kwamba VIES ndiyo mrithi wa kibanda cha forodha, ila aliyekalishwa kibandani safari hii ni mfanyabiashara mwenyewe, na akikosea anadaiwa yeye. Ndiyo maana mwongozo wa programu yoyote inayoulizia namba hizo unastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule wa kuandika sheria.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Programu hutuma herufi mbili za nchi, kisha namba. Herufi za Ugiriki ni EL, kwa kuwa Wagiriki huiita nchi yao Ellada. Anayeandika GR hapati kitu. Namba za Uingereza zilizoanza na GB ziliondolewa mwaka 2021, ikabaki Ireland Kaskazini peke yake na herufi XI. Zaidi ya hayo, VIES haina rejista yake: hulipeleka swali kwenye rejista ya nchi husika na kurudi na jibu. Kwa hiyo majibu ni matatu, wala si mawili: namba ni hai, namba si hai, au rejista ya nchi hiyo haipatikani kwa sasa. Mwongozo unaolichanganya jibu la pili na la tatu humfanya mteja halali aonekane tapeli kwa sababu tu kompyuta ya serikali yao imezimika. Vivyo hivyo kwa Ujerumani, ambayo haitoi jina wala anwani: nafasi ya jina ikirudi tupu, hakuna kosa lililotendeka.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watengeneza programu, na kwamba sheria iko mahakamani. Basi twende mahakamani. Kampuni moja ya Hungary iliuza mbegu za kukamulia mafuta kwa kampuni ya Italia mwaka 2009, ikaihakiki namba ya mnunuzi na kuambiwa ni hai. Januari 2010, Italia ikaifuta namba hiyo kuanzia Aprili 2009, kabla ya mauzo! Mwaka 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba muuzaji mwenye nia njema hawezi kupoteza msamaha wa kodi kwa sababu hiyo tu. Wakati ule namba ilihesabiwa kuwa utaratibu tu. Tangu 1 Januari 2020 ni sharti la msingi la msamaha wenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumtwika muuza duka kazi ya dola ni kumwonea. Nakubali kwamba mzigo ni mkubwa, na foleni za mpakani hakuna anayezitamani tena. Ila VIES inatoa kitu ambacho miongozo mingi hukipitia kwa mstari mmoja. Anayeuliza akijaza pia namba yake mwenyewe, hurudishiwa namba ya rejea ya ulizo lake pamoja na tarehe. Huo ndio muhuri wa leo. Mwongozo ueleze kwenye ukurasa wa kwanza namna ya kuiomba na mahali pa kuihifadhi kando ya ankara, kwa sababu asiyejaza namba yake hujibiwa vilevile, lakini namba ya rejea hapewi.