Dhoruba ya Ziwa Nyasa

Mwezi wa Juni, mwaka wa 1895, Padre Chauncy Maples, aliyefanya kazi miaka mingi Masasi na Likoma, aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko London, akafanya haraka kurudi kwa watu wake. Usiku wa tarehe 2 Septemba mashua yake ikapigwa na dhoruba katika Ziwa Nyasa, ikazama, naye akafa maji.

Katika bahari ya Galilaya wanafunzi walimlilia Bwana, na upepo ukatulia. Usiku ule Nyasa upepo haukutulia. Basi, enyi walimu, msiwafundishe watoto kwamba amwaminiye Kristo hapatwi na mawimbi. Wafundisheni kwamba katika mawimbi hayo haachwi peke yake.

Rafiki yake tangu Oxford, Padre William Percival Johnson, hakuliacha ziwa lile. Ijapokuwa macho yake yalikuwa karibu kupofuka, aliendelea na kazi hata alipofariki mwaka wa 1928. Na mwaka wa 1901 meli mpya ya misheni ilishushwa majini, ikaitwa Chauncy Maples. Hivyo jina lake yeye aliyezama likapita juu ya maji yale yale, likiwapelekea watu mafundisho na dawa.