Baiskeli ya kuegemea

Baiskeli ya kuegemea (pia: baiskeli ya kulala) ni aina ya baiskeli ambayo mwendeshaji wake hukaa kwenye kiti chenye mgongo, ameegemea nyuma au amelala karibu chali, huku miguu ikielekea mbele kwenye pedali. Huwa na magurudumu mawili au matatu. Ile ya magurudumu matatu iliyofunikwa kwa bodi nyepesi ya kukata upepo huitwa velomobili. Hakuna chombo kingine cha barabarani kinachosukumwa kwa nguvu za binadamu peke yake kilichofikia kasi kubwa zaidi, lakini tangu mwaka 1934 hairuhusiwi katika mashindano ya kawaida ya baiskeli.

Sababu ya kasi

Kwenye barabara tambarare, mwendeshaji anayepita kilomita 30 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kusukuma hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu zinazohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Ndiyo maana kuongeza misuli husaidia kidogo tu, na kupunguza umbo linalopigwa na upepo husaidia sana. Anayeegemea huikabili hewa kwa nyayo na kichwa badala ya kifua kizima. Akifunikwa na bodi iliyochongoka nyuma kama samaki, hewa hupita bila kuvurugika sana.

Marufuku ya 1934

Fundi Mfaransa Charles Mochet alikuwa akitengeneza vigari vya pedali vya magurudumu manne vilivyoitwa Vélocar. Baadaye aliunda baiskeli ya magurudumu mawili yenye kiti cha aina hiyohiyo. Tarehe 7 Julai 1933, mjini Paris, Francis Faure aliiendesha kilomita 45.055 katika saa moja na kuipita rekodi ya Mswisi Oscar Egg ya kilomita 44.247, iliyodumu tangu 1914. Faure hakuhesabiwa miongoni mwa waendeshaji wakubwa wa wakati wake, na jambo hilo lilizidisha ubishi: je, aliyeshinda ni mtu au ni chombo?

Shirikisho la kimataifa la baiskeli (UCI) lilijibu mwaka 1934 kwa kuandika upya maana ya baiskeli ya mashindano. Vipimo vipya vya nafasi ya kiti na pedali viliiacha nje baiskeli ya Mochet, naye alifariki mwaka huohuo. Kwa kuwa viwanda hutengeneza kile ambacho mabingwa hukiendesha, uamuzi huo wa mashindano uliathiri pia baiskeli zilizouzwa kwa watu wa kawaida kwa miongo iliyofuata.

Rekodi nje ya UCI

Mwaka 1976 wapenzi wa vyombo hivi walianzisha nchini Marekani chama cha IHPVA, kisichoweka masharti juu ya umbo. Mashindano yanayojulikana zaidi hufanyika Battle Mountain, Nevada, kwenye barabara iliyonyooka iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Hapo mwaka 2016 Mkanada Todd Reichert alifikia kilomita 144.17 kwa saa. Mwaka huohuo Francesco Russo alikwenda zaidi ya kilomita 92 katika saa moja nchini Ujerumani. Rekodi ya saa ya UCI, iliyowekwa na Mwitalia Filippo Ganna mwaka 2022, ni kilomita 56.792.

Matumizi ya kila siku

Velomobili hutumika zaidi Uholanzi, Denmark na Ujerumani, kwenye njia tambarare zilizotengwa kwa baiskeli. Humkinga mtu na mvua na baridi, na kiti chake hakiumizi makalio wala viganja. Kasoro zake ni bei kubwa, uzito wa kilo 20 hadi 35 au zaidi, na ufupi unaofanya madereva wa malori wasiione. Wengi hufunga bendera ndogo juu ya mlingoti.

Afrika ya Mashariki

Katika Afrika ya Mashariki baiskeli hizi ni nadra, na mazingira yanaeleza mengi. Mahali kama Daudi, kwenye nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, hewa nayo ni nyepesi, lakini barabara ni za milima na nyingi za vijijini ni za udongo. Mtu anayepanda mlima polepole hasumbuliwi na hewa bali na uzito, tena kwenye kiti cha kuegemea hawezi kusimama juu ya pedali. Mnyororo wake, ambao ni mrefu kuliko wa kawaida, hukusanya vumbi, na mara nyingi hakuna keria ya kufungia gunia la mahindi au madumu ya maji.

Chombo cha karibu zaidi kinachojulikana Tanzania, Kenya na Uganda ni baiskeli ya walemavu: magurudumu matatu, kiti chenye mgongo, na pedali zinazozungushwa kwa mikono. Mjini Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, waendeshaji wake wamejulikana kwa kuvusha mizigo. Kwenye michezo ya Paralimpiki, baiskeli za mikono zilianza kushindaniwa Athens mwaka 2004, na waendeshaji wengi wa kundi hilo hushindana wakiwa wamelala chali. Tangu 2007 mashindano hayo yako chini ya UCI.